Kwa Ignasi, Mwenye Mwangwi

Ignasi, barua yako imenifikia Tartu
saa ambayo matrekta yanakwangua theluji barabarani
na Urve wa ghorofa ya chini anamfokea paka.
Mistari mitatu tu. Wa kwanza hauna salamu:
"Acheni kufungasha kitu changu."

Nimeisoma nimesimama, soksi moja mguuni.

Wewe huko Girona umeunda programu-jalizi,
kitu kisichoweza kusimama peke yake,
kinachong'ang'ania ubavu wa kinasa sauti
kama kupe, samahani, kama mtoto mgongoni,
na chumba cha mita tatu kikaanza kuitika kama kanisa.
Uliingia makanisa arobaini, ukapasua maputo,
ukarekodi kila ukuta unavyojibu.
Nani mwingine angejisumbua?

Kazi yangu mimi ni ya bohari.
Linux yetu ni ghala, na mlangoni nakaa mimi:
nafungua ulichofunga, nafunga upya.
Nauliza, leseni iko wapi? Faili hii ya nani?
Mbona umeficha maktaba ndani ya maktaba
kama msafiri aliyevaa mashati manne
asilipie begi uwanja wa ndege?
Kwetu shati likishakuwepo kabatini
kila mtu avae hilohilo.
Likichanika, tunashona mara moja, wote wamesitirika.

Basi nikakuvua mashati.
Viraka kumi na kimoja niliandika,
kimoja kirefu, kimoja cha koma tu.
Nikajaribu kwenye mashine nane, hata ile ya Kaarel
isiyowaka mpaka ipigwe kofi.
Ikapita. Nikatia sahihi. Nikalala
usingizi wa mtu aliyelipa deni.

Kisha toleo likagandishwa:
miaka miwili hakuna kuongeza wala kupunguza,
maana kuna hospitali, kuna shule,
kuna mzee mmoja Võru asiyetaka kuamka
akute vitufe vimehama.
Wewe ukasonga, la tano, la sita, la saba.
Sisi tukabaki na la nne, nalo lina jina lako,
na anayejikwaa kwetu anakuja kulia kwako.
Hilo ndilo linalokuudhi. Nalijua.
Nilikuwa na jibu tayari, refu, lenye vifungu.

Lakini Jumanne aliniandikia Leida Tammik,
mpiga kinanda wa Viljandi; kompyuta yake
aliachiwa na mwanawe aliyehamia Oslo.
Hakusema asante. Huwa hawasemi, na sidai.
Alisema: "Mwangwi unakatika kabla haujafika.
Sekunde ya saba. Kama mtu aliyekumbuka kitu mlangoni."

Nikavaa vipokea sauti, nikapiga kofi moja.
Tatu, nne, tano, sita,
kimya.
Ukuta wa nyuma wa kanisa haupo.

Siku nne nimeutafuta.
Kosa si lako, Ignasi. Ni kiraka cha tisa.
Shati la kabatini lilikuwa fupi mikono:
maktaba yetu huhesabu, ikachoka;
yako uliirefusha kwa makusudi, ukaandika sababu
kwa Kikatalani, pembeni mwa msimbo,
maelezo niliyoyafuta mimi
nikidhani takataka.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Mimi nilikitandika, nikakisifu,
nikakigawa kwa maelfu, na sikukilalia hata usiku mmoja.
Na kunguni mwenyewe nilimleta mimi, kwenye shuka safi.

Kwa hiyo lile jibu refu silitumi.
Nakutumia kiraka cha kumi na mbili, kinachofuta kile cha tisa.
Maneno yako nimeyarudisha mahali pake,
nukta na vialama vyote.
Hata mlango uliogandishwa una tundu la makosa kama haya;
nimeshabisha hodi.

Ukitaka bado niache, nitaacha.
Ila mngoje kwanza Leida.
Anasema atajaribu Jumapili, watu wakishatoka ibadani:
atapiga kofi moja kanisani,
moja kwenye kompyuta,
alinganishe.